Kwa nini ua wangu hautulii kama ule wa Delft?

«Salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mombasa, na nilianza kuchora kwa rangi miaka miwili iliyopita. Nimekuwa nikijaribu kunakili ile picha ya Pieter de Hooch, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, ya ua wa nyumba katika mji wa Delft, yenye mwanamke aliyemshika mtoto mkono, na mwanamke mwingine aliyetupa mgongo ndani ya ujia. Natumia akriliki kwenye kanvasi ya sentimita 50 kwa 70, nikitazama nakala niliyochapishiwa dukani. Nimeirudia mara tatu. Matofali yananishinda: ukuta unawakawaka kama chandarua. Nikadhani vitu ni vingi, nikaondoa ufagio, nikapunguza majani, nikachora matofali machache makubwa, ikazidi kuharibika. Kivuli nakichanganya kwa nyeusi. Binti yangu anasema nimezidisha bluu, mimi siioni. Tena nimesoma kwamba mchoraji huyu alifia kwenye nyumba ya wendawazimu, na mwenzangu mmoja ananiambia alitumia chombo cha lenzi, kwa hiyo kwa jicho tupu siwezi kuufikia utulivu ule. Je, utulivu huo unatoka wapi, na mimi nakosea wapi?»

Shikamoo, Mwalimu.

Umetoa vipimo, rangi na hatua zako zote waziwazi, kwa hiyo naweza kukujibu bila kubahatisha. Nikielewa vizuri, shida yako ni kwamba vitu vyote vipo lakini jicho halipati pa kukaa. Ukuta unameremeta, kivuli kimekuwa kizito, na kila ulipoondoa kitu picha ilizidi kuhangaika. Tuanzie hapo kwenye kuondoa, maana ndiko kosa kubwa lilipo.

Utulivu wa picha hii hautokani na uchache. Picha yenyewe, iliyoko National Gallery, jumba la makumbusho ya sanaa la London, ni ya rangi za mafuta, kimo chake sentimita 73.5 na upana 60, nayo imetiwa mwaka 1658. Ndani ya eneo hilo dogo kuna ukuta wa matofali, tao, kibao cha jiwe chenye maandishi, ujia mrefu na mtu ndani yake, kipande cha mtaa ng'ambo ya pili, ukuta mkongwe upande wa kulia, ngazi, mbao, majani yanayotambaa, kipande cha anga, mwanamke, mtoto, sakafu iliyopangwa na ule ufagio uliolala chini. Vitu ni vingi. Kinachovituliza ni kwamba kila kimoja kimepewa kiwango chake cha mwanga, na hakuna kinachovuka kiwango hicho. De Hooch hakupunguza vitu, alipunguza ugomvi kati yao. Wewe ulivipunguza vitu, vichache vilivyobaki ukaviacha vinagombana.

Sasa huo mwanga wenyewe. Wengi hudhani mwanga wa picha hii ni wa jua, kisha wanatafuta upande unakotoka jua na kuchora vivuli vyenye kingo kali. Nenda polepole hapa, Mwalimu, kwa sababu ukishaelewa jambo hili moja nusu ya kazi imekwisha. Mwanga mwingi wa ua huu ni wa anga, yaani uwazi wote ulio juu ya kuta. Anga ni taa pana mno, na taa pana haitupi kivuli kikali. Chini ya taa ya namna hiyo sheria ni nyepesi: kila sehemu inapata mwanga kwa kadiri ya anga inayoiona. Jiweke mahali pa tofali lolote ndani ya picha ujiulize, «Kama ningekuwa hapa, ningeona anga kiasi gani?» Jiwe la sakafu lililo katikati ya ua linaona anga nyingi, kwa hiyo ni jeupe kiasi. Tofali lililo chini ya majani linaona anga vipandevipande. Tofali la ndani ya ujia, hatua tatu kutoka kwenye tao, linaona ufa tu wa anga. Na chini ya ufagio, pale mti wake unapogusa sakafu, anga haionekani kabisa, ndiyo maana pana mstari mwembamba wa giza. Hakuna swichi ya mwanga na kivuli hapo, kuna ngazi ndefu ya viwango vinavyopungua kidogokidogo. Jicho linashuka ngazi hiyo bila kujikwaa, na kushuka bila kujikwaa ndiko tunakokuita utulivu.

Wewe unaishi Mombasa, na hilo lina uzito kuliko unavyodhani. Delft iko karibu nyuzi 52 kaskazini ya ikweta. Siku ambayo jua lake liko juu kuliko siku zote za mwaka, mwezi Juni, saa sita mchana linafika nyuzi 61 hivi tu juu ya upeo wa macho. Mwezi Desemba halifiki hata nyuzi 15. Mombasa mnakaa nyuzi 4 kusini, na hata Juni, jua lenu likiwa chini kuliko miezi mingine yote, mchana linafika nyuzi 62 na zaidi. Kwa maneno mengine, jua lenu la chini kabisa la mchana liko juu kuliko la Delft likiwa kileleni. Ndiyo maana jicho lako, bila wewe kutaka, linaongeza weupe juu ya vitu na weusi chini yake: ndivyo lilivyouona ulimwengu maisha yote. Si kosa la mkono, ni mazoea, na mazoea hurekebishwa kwa kutazama upya.

Fanya jaribio hili kabla hujagusa rangi tena. Tafuta ua wowote wenye ujia au mlango mrefu. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zinafaa sana, na watu wa Lamu wana kile wanachokiita kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Nenda kuanzia saa kumi na moja jioni, jua likishaacha kuingia uani na mwanga ukabaki wa anga peke yake. Chukua karatasi nne nyeupe za A4 kutoka rimu moja. Moja ilaze katikati ya ua. Ya pili isimamishe ukutani karibu na mlango. Ya tatu ibandike ndani ya ujia, hatua moja kutoka mlangoni, na ya nne hatua tatu ndani. Kaa mahali pamoja, finya macho, uzitazame zote. Ni weupe uleule wa kiwandani, lakini utaziona nne tofauti, na ile ya mwisho itakuwa kijivu kilichokolea ambacho usingethubutu kukiita karatasi nyeupe. Zipige picha kwa simu ukiwa umeweka rangi nyeusi na nyeupe, usipunguze wala kuongeza chochote. Harakisha tu, maana kwetu jua huzama wima na muda huo ni mfupi.

Umbali uliouona kati ya karatasi ya kwanza na ya nne ndio ngazi ya picha ya De Hooch. Na ndio ufunguo wa upande wa kushoto. Ua uko kwenye mwanga, ujia uko gizani, na mwisho wa ujia mtaa uko kwenye mwanga tena: mwanga, giza, mwanga. Waholanzi wana neno lao kwa mwono huo wa kupenya chumba kimoja hadi kingine, doorkijkje, na De Hooch aliupenda kuliko karibu kila mchoraji wa mji wake. Mwanamke wa ujiani amesimama pale giza linapokutana na mwanga wa pili. Ametupa mgongo, anatazama nje, na jicho lako linamfuata hadi mtaani. Hapo linakuta nyumba ya ng'ambo imeziba, halina pengine pa kwenda, linarudi uani. Kama umechora mtaa ule mweupe sawa na kofia ya mwanamke wa kulia, jicho linakimbilia kule na kubaki. Kama umeuchora mweusi, ujia unakuwa shimo. Mtaa ule uwe hafifu kidogo kuliko sakafu ya ua, na picha itaanza kupumua.

Vipimo nitakavyokupa ni vya kazi, vya kukuanzishia. Tengeneza ngazi ya vipande tisa kwenye kadi, 1 ikiwa nyeusi kabisa na 9 nyeupe tupu. Kofia nyeupe peke yake, kwenye sehemu ndogo zinazotazama anga, ipewe 9. Anga 8. Mtaa wa mbali 6 na nusu. Sakafu ya ua 7 ikififia hadi 6. Matofali ya mbele 5, yaliyo chini ya majani 4, kuta za ujia kuanzia 3 hadi 2. Nambari 1 iache kabisa mpaka siku ya mwisho, kisha itumie sehemu tatu au nne tu, nyembamba kama uzi: chini ya ngazi, nyuma ya ubao, kwenye pembe ya ndani ya ujia.

Lakini kabla ya toni, yaani hivyo viwango vya mwanga na giza, kuna kosa la seremala. Kanvasi yako ni 50 kwa 70. Picha halisi, ukigawa kimo kwa upana, inatoa 1.225, yako inatoa 1.4. Kwa upana wa sentimita 50, kimo kilipaswa kuwa sentimita 61 na robo. Kwa hiyo umeivuta picha karibu sentimita 9 kwenda juu. Tao limerefuka, watu wamekonda, na mistari ya ujia imebadilika mteremko. Jicho haliwezi kutaja kosa hilo ila linalihisi. Usiitupe kanvasi: bandika utepe wa karatasi ukate sentimita 8.75 upande mmoja, ufanye kazi ndani ya kilichobaki. Ukinunua nyingine au ukitengenezewa fremu, agiza 49 kwa 40, ambayo ni theluthi mbili ya picha halisi barabara. Kila sentimita 3 za kule zinakuwa 2 kwako, hesabu inakwisha hapo.

Sasa matofali. Baba yake De Hooch alikuwa fundi mwashi huko Rotterdam, na ninaamini hilo linaonekana: huyu ni mchoraji anayejua kwamba tofali lina kazi. Katika picha, tofali ndilo rula. Mtazamaji anajua bila kuambiwa kwamba tofali linaingia mkononi mwa mtu, na kwa rula hiyo anapima urefu wa tao, wa mwanamke na wa ukuta mzima. Matofali ya Uholanzi ya karne ya 17 yalikuwa madogo na membamba, si kama bloku wala mawe ya matumbawe uliyoyazoea. Ulipochora machache makubwa ulibadilisha rula, na papo hapo nyumba ikawa kibanda na mwanamke akawa kama mwanasesere. Ndiyo maana kupunguza kulizidisha ubaya.

Kuwakawaka kunatokana na jambo lingine. Umechora viungo vya chokaa kwa rangi iliyo mbali mno na ya tofali, na umeviacha na ukali mmoja ukuta mzima. Mistari mingi ya karibukaribu yenye tofauti kubwa ya mwanga huyachosha macho, kama shati la mistari myembamba kwenye televisheni. Dawa yake ni kuukaribisha mwanga wa kiungo kwenye mwanga wa tofali, kisha kuufifiza zaidi kadiri ukuta unavyoingia kivulini.

Kazi iende hivi. Paka kanvasi mikono miwili ya rangi ya msingi iliyotiwa kijivu cha uvuguvugu, usianzie kwenye weupe wa dukani. Tafuta kwenye nakala yako nukta inakokutania mistari yote inayoingia ndani: weka rula kwenye kingo za sakafu ya ujia na kwenye mistari ya ukuta wake, uone inapokatana. Hapo chomeka pini. Funga uzi kwenye pini, uupake chaki, uvute hadi ukingoni, uuinue na kuuachia upige kanvasi. Utapata mstari ulionyooka kwa pumzi moja. Mafundi wetu hupiga mistari yao vivyo hivyo, na kwenye baadhi ya picha za De Hooch na za Vermeer, mchoraji jirani yake wa Delft, tundu la pini bado linaonekana katika rangi. Hilo ndilo jibu langu kwa mwenzako wa lenzi. Kwa De Hooch tuna alama ya chombo halisi, na chombo chenyewe ni pini na uzi, ambavyo unaweza kuvipata leo kwa shilingi chache.

Kuta zinazokukabili hazina haja ya uzi. Hizo zinataka mistari ya kulala iliyo sawasawa kama imepimwa kwa pimamaji, na ya kusimama kama imepigwa timazi. Usidharau hilo. Mistari ya kulala na ya kusimama ndiyo mifupa ya utulivu wa picha hii. Ukuta ukiegemea nusu sentimita tu, yote inayumba.

Ukishapata mistari, paka ukuta wote rangi moja tambarare, kama vile matofali hayapo. Kwa sehemu yenye mwanga jaribu sehemu 4 za siena iliyochomwa (kahawia ya wekundu), 2 za oka ya njano, 1 ya nyeupe ya titani, na ncha ya kisu ya bluu ya altramarini ili kuua ukali wa wekundu. Acha ikauke. Kisha chukua rangi hiyohiyo, igawe mafungu matatu: moja ongeza oka kidogo, moja siena, moja altramarini kidogo, yote yakibaki kwenye mwanga uleule. Weka matofali ya hapa na pale kwa mafungu hayo, tofali moja kati ya matano au sita, bila mpangilio. Viungo vije mwisho. Kwa chokaa changanya sehemu 5 za nyeupe, 1 ya oka, 1 ya umba (kahawia iliyokolea), halafu, na hapa ndipo wengi husahau, rudisha ndani yake sehemu 3 za rangi ya ukuta wenyewe. Tumia brashi nyembamba ndefu isiyo na rangi nyingi, uuache mstari ukatike wenyewe rangi inapoisha. Mstari uliokatika ni kweli zaidi kuliko uliokamilika. Karibu na tao na mbele ya macho viungo vionekane. Kwenye kona na chini ya majani viwe vya kuhisiwa tu.

Akriliki ina tabia ya kukuhadaa: ikiwa mbichi ni nyeupe kidogo, ikikauka inakolea, kwa sababu gundi yake ni kama maziwa inapokuwa na maji na huwa angavu ikikauka. Kwa hiyo kivuli ulichokiona sawa usiku, asubuhi kimekuwa giza. Kila mchanganyiko upake kwanza kwenye ukingo wa ile kadi ya ngazi tisa, usubiri robo saa, ndipo uamue.

Kuhusu nyeusi, sikukatazi. Wachoraji wa Uholanzi walikuwa na nyeusi ya mifupa iliyochomwa na waliitumia. Kinachokuponza ni kuitia nyeusi ndani ya rangi ya tofali na kutegemea itoke tofali lililo kivulini. Inatoka tofali lililoungua. Kivuli cha ua kinapata mwanga wa aina mbili: ubaridi wa bluu kutoka angani kwa nyuso zinazotazama juu, na joto la wekundu linalodunda kutoka ukuta wa pili kwa nyuso zinazotazamana. Jaribu sehemu 4 za siena iliyochomwa, 2 za altramarini na 1 ya oka kwa kuta za ujia. Ukihitaji giza zaidi, ongeza umba na altramarini kwa usawa.

Binti yako anasema bluu imezidi, na huenda ana haki kwa sababu moja kati ya tatu. Ya kwanza ni nakala. Mashine za dukani hugeuza rangi, na mbili zilizotoka siku moja zinaweza kutofautiana. Tazama picha iliyotolewa na National Gallery yenyewe kwenye skrini iliyopunguzwa mwanga hadi nusu, uilinganishe na karatasi yako. Ya pili ni umri wa picha. Katika picha nyingi za Uholanzi za karne ya 17 rangi za njano zilizotengenezwa kwa mimea zimefifia kwa mwanga, zikaacha majani yaliyokuwa kijani yakiwa ya bluubluu. Ukikuta majani ya namna hiyo kwenye picha ya zama zile, huna lazima ya kuyanakili hivyo. Amua kama unachora picha ya leo au ile iliyotoka mikononi mwa mchoraji, na ushikilie uamuzi huo pote. Ya tatu ni macho, Mwalimu. Lenzi ya jicho hupata manjano kadiri tunavyozeeka, na mtoto wa jicho huongeza hali hiyo, hata mtu hupungukiwa na bluu bila kujua. Kama unaona pia ukungu, au taa za magari usiku zina duara la mwanga, usimalize hili kwa rangi. Nenda kliniki ya macho upimwe.

Watu wake sasa. Mwanamke na mtoto wa kulia wanatazamana: kichwa cha mkubwa kimeinama, cha mdogo kimeinuka, mikono imeshikana. Macho yao yanafunga duara, kwa hiyo jicho lako likifika pale halitupwi nje ya picha. Makosa ya kawaida ni kumfanya mkubwa amtazame mtazamaji, au kumwekea uzito mguu mmoja kama anayetaka kutembea. Shusha mstari wa timazi kutoka shingoni mwake, uangukie kati ya miguu. Na ufagio urudishe. Ulipouondoa, sakafu ya mbele ilibaki tupu na jicho likateleza kutoka chini ya picha. Ule mti uliolala unalizuia, tena unasema kazi ilikuwa ikifanyika hapa muda mchache uliopita. Bila kazi iliyosimama, utulivu huu ungekuwa wa nyumba iliyohamwa.

Kuhusu nyumba ya wendawazimu, habari hiyo ilirudiwa miaka mingi lakini imesahihishwa. Pieter de Hooch aliyefia katika Dolhuis ya Amsterdam mwaka 1684 alikuwa mwanawe, aliyebeba jina la baba. Mtafiti Frans Grijzenhout alilitengua hilo kwa kusoma hati za kale. Kwa hiyo usiisome picha ya 1658 kama kilio cha mgonjwa. Ukitaka msukosuko ulio karibu nayo, uko mjini kwenyewe. Tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka Delft, likabomoa sehemu kubwa ya mji na kumuua mchoraji Carel Fabritius. De Hooch alioa Delft mwaka huohuo na kuingia chama cha wachoraji cha mji mwaka 1655. Sithubutu kusema alichora nyua tulivu kwa ajili ya mlipuko ule, ila waliozitazama kwanza walijua ukuta uliosimama ni neema.

Na kile kibao juu ya tao si pambo la kubuni. Kilitoka kwenye nyumba ya watawa ya Mtakatifu Hieronimo mjini humo, kina mwaka 1614, na jiwe lenyewe bado lipo Delft. Maneno yake, kwa Kiswahili, yanakaribia hivi: hapa ni katika bonde la Mtakatifu Hieronimo, ukitaka jishikize na subira na upole, kwa maana hatuna budi kushuka kwanza tukitaka kuinuliwa. Kiholanzi chake kinacheza na neno moja lenye maana ya bonde na ya kushuka. Hata hivyo usidhani ukienda Delft utaukuta ua huu. De Hooch alilichora tao hilihili na kibao hikihiki kwenye picha nyingine ya mwaka uleule, na yanayolizunguka pale ni tofauti. Alichukua vipande vya kweli akavipanga apendavyo, kwa hiyo nawe una ruhusa ya kupanga, mradi mwanga uwe mmoja.

Una njia tatu mbele yako. Kuendelea na kanvasi ileile kunawezekana, ila rangi zake zimeshagombana na utatumia nguvu nyingi kuzifunika. Kuhamia rangi za mafuta kungekupa muda wa kulainisha kingo, kwa kuwa zinakauka kwa siku na si kwa dakika. Gharama yake ni tapentaini, inayotaka madirisha wazi, na ukiona kizunguzungu au kifua kinabana acha mara moja umwone daktari. Ninayokushauri ni ya tatu: chora kwanza nakala ndogo ya sentimita 24.5 kwa 20 kwa kijivu kitupu, nyeupe na umba peke yake, bila tofali hata moja. Ikitulia hiyo, rangi itakuwa kazi nyepesi. Isipotulia, rangi haitaiokoa.

Ukishafanya nakala za kijivu mbili au tatu na bado huoni ngazi inapokatika, maandishi yangu yamefika mwisho wa uwezo wake. Mtafute mchoraji au mwalimu wa sanaa aliye karibu, apate kusimama kando yako mbele ya kazi. Mpelekee mambo manne: nakala ya kijivu, kadi ya ngazi tisa, picha uliyochapishiwa na ile kanvasi ya mwisho. Ziwekeni zote kichwa chini miguu juu karibu na dirisha lisiloingiza jua, umwombe aoneshe kwa kidole sehemu ya kwanza iliyomvuta jicho. Kama si kofia ya mwanamke wala mwanga wa mwisho wa ujia, pale alipogusa ndipo pa kurekebisha kwanza.